Abu Huraira, Swala wa Madina na Kinamasi cha Nakivale



Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetufikisha muhula huu tukiwa na uhai na imani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Maneno haya niliyasema kwa ufupi katika darsa ya baada ya Alasiri, na ndugu wa jarida wameniomba niyaandike kwa urefu, kwa sababu siku ile adhana ya Magharibi ilitukatiza tukiwa bado katikati ya majibu. Ndugu mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kwa ukweli wake, alisimama akauliza: mfuko wa jumuiya yetu ni mdogo, wengine wetu hapa Mbarara tunakula mara moja kwa siku, na Nakivale kuna watu wanaolala na njaa. Kwa nini basi sadaka zetu zinunue majembe na toroli za kuwajengea vyura na ndege kinamasi?

Swali hilo ni la haki na sitalikimbia. Niseme kwanza kwamba hakuna shilingi ya zaka iliyoguswa. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba aya ya 60, na chura hayumo. Tunazungumzia sadaka ya hiari. Lakini hata sadaka ya hiari ni amana, na mtoaji ana haki ya kujua imekwenda wapi.

Kwa wale ambao hawajafika huko: Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wetu, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Watu wa kwanza kupokelewa pale, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, walikuwa Watutsi kutoka Rwanda. Leo utakutana na Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na lugha inayowakutanisha sokoni Base Camp mara nyingi ni hii ninayoandikia. Ofisi ya Waziri Mkuu huwapa familia kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima. Watu wengi hawafahamu kuwa ziwa lile na vinamasi vyake ni sehemu ya mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivale, ambao Uganda iliuingiza katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2006. Humo wanaishi nzohe, yule swala wa majini, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, na samaki wa asili ambao katika maziwa makubwa wamekwisha kutoweka.

Ndani ya makazi hayo kuna shule moja ya msingi ambako baadhi yetu tunafundisha madrasa Jumamosi. Chini ya uwanja wake pana bonde dogo. Wazee wanasema palikuwa na mafunjo, ndiyo yale Wanyankole wanayoyaita orufunjo. Yakakatwa, kisha wafyatua matofali wakachimba udongo wakaondoka, pakabaki mashimo ya maji machafu na kavera. Mwalimu wa sayansi na darasa lake la sita ndio walioanza. Mashimo yenye kingo kali wakayafukia. Wakaacha eneo moja pana, maji yasipite magoti ya mtoto, kingo zake zimelazwa taratibu ili chura na kifaranga waweze kupanda kutoka. Chini wakashindilia udongo wa mfinyanzi kwa miguu yao, wakiimba, mpaka maji yakakubali kutuama. Wakaomba ruhusa kwa uongozi wa kijiji, wakaleta vishina vya mafunjo na matete kutoka ukingoni mwa ziwa, wakavipanda kwa mistari kama mihogo. Pembeni wakaweka uzio wa miiba kwa ajili ya watoto wadogo na mbuzi.

Vyura walikuja kwanza, hakuna aliyewaita. Siku walipowasikia, mwalimu aliuliza jina la chura kwa kila lugha ya darasani. Wanyarwanda wakasema igikeri, Wasomali wakasema rah, ubao ukajaa. Baadaye wakaja kereng'ende, halafu yangeyange, halafu fundi chuma mmoja anayesimama palepale kila asubuhi kama mlinzi wa zamu. Korongo wa bendera yetu hajaonekana. Watoto wanamngoja. Mimi nimewaambia wasikate tamaa lakini wasitegemee sana, maana korongo taji anataka kinamasi kikubwa na kimya ili ataga, na huyu ni ndege aliyekwisha kuingizwa katika orodha ya dunia ya walio hatarini tangu 2012. Akija hata kula tu na kuondoka, tutashukuru.

Sasa turudi kwenye swali. Si ndugu yetu wa kwanza kuliuliza. Katika kikao cha wazazi mama mmoja Mkongomani alisimama akaniambia, mbele ya watu, kwa sauti ya upole iliyouma kuliko ukali: «Ustadhi, mwanangu, sisi wenyewe hatuna kwetu. Ninyi mnawajengea vyura?»

Mama yule hakuwa anatia chumvi. Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70, mwaka uliofuata ukashuka hadi 60, na 2023 familia zikapangwa kwa makundi, wengine wakapata kidogo zaidi na wengine wakaondolewa kabisa. Mtu wa namna hiyo ukimsomea tu kwamba wanyama ni umma kama sisi, kama inavyotufundisha Sura Al-An'am aya ya 38, atakusikiliza kwa adabu kisha atakwenda zake akatafute kuni. Aya ni ya kweli, lakini njaa nayo inataka jibu lake.

Nilimjibu kwa kisa cha mtu aliyekuwa na njaa kama yeye.

Abu Huraira (r.a.) alitoka Yemen, kabila la Daws, akaja Madina hana mali, hana ukoo, hana nyumba. Alilala Suffa, ule ukumbi wa msikiti walikokaa Waislamu wasio na pa kwenda. Katika Sahihi ya Bukhari anasimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa akifunga jiwe tumboni kwa njaa. Mtu huyohuyo, katika Bukhari na Muslim, anasema kwamba lau angewaona swala wakila majani ndani ya Madina asingewashtua. (Ninasema swala mnyama, si ile ya mara tano, siku ya darsa kuna waliocheka.) Hakusema asingewawinda tu. Amesema asingewatisha. Na sababu yake ni kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akiitangaza Madina kuwa eneo takatifu kati ya majabali yake mawili meusi: miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Wanazuoni wa Kihanafi wana maelezo yao kuhusu hukumu ya kuwinda pale, na anayetaka kuyafuatilia ayafuate. Sisi wengi hapa Uganda ni Mashafii, na kwetu hadithi iko wazi.

Tazameni nani alitangaza na lini. Mtume (s.a.w.) hakuwa mwenyeji wa Madina. Alifukuzwa Makka. Alifika Madina akiwa muhajir, na maisha ya Waislamu wa mwanzo pale yalikuwa ya kugawana tende. Watu wake walikuwa na kila udhuru wa kusema: tuache kwanza tujenge, tule, tutulie, habari za miti na wanyama zitakuja baadaye. Lakini katika mji uliompa hifadhi, naye alitoa hifadhi. Aliyekimbia akawa ndiye wa kwanza kuamuru kwamba hapa pasiwe na kiumbe anayekimbizwa.

Kwa hiyo, Mama, nilimwambia, sisi hatuwajengei vyura kwa kuwa tumewasahau ninyi. Tunaona kwamba mkimbizi ana nafasi katika sunna hii kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu anajua maana ya kushtuliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Hayo nimeyasikia. Na mbu?»

Nawaambieni, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na lau ningekuwa mzazi pale ningeanza nayo. Dini yetu imejengwa juu ya msingi wa kutodhuru wala kudhuriana. Kama bwawa la shule litaleta malaria kwa watoto, basi fadhila zote nilizozitaja zinaanguka na bwawa lifukiwe. Kwa hiyo tulilazimika kuuliza wenye elimu, na nyinyi mnaosoma udaktari hapa mnaweza kunisahihisha.

Mbu wa malaria hupenda hasa maji yaliyo wazi, yanayopigwa na jua, yasiyo na wadudu wala samaki wa kula viluwiluwi vyake: alama za kwato za ng'ombe, mitaro iliyoziba, na mashimo ya matofali kama yale yaliyokuwepo. Kinamasi kilichofunikwa na mafunjo kina kivuli, na maji yake huwa ya baridi zaidi. Utafiti uliofanywa Kabale na kuchapishwa mwaka 2000 uliona kwamba vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyofyekwa na kulimwa vilikuwa na joto kubwa kuliko vilivyo kando ya mafunjo yaliyoachwa, na joto ndilo linalomkuza mbu upesi. Kereng'ende naye, angali mchanga ndani ya maji, ni adui mkubwa wa viluwiluwi wa mbu. Haya hayamaanishi kwamba bwawa halina mbu. Yanamaanisha kwamba lililopo sasa lina afadhali kuliko mashimo yaliyotangulia, kwa sharti kwamba litunzwe: mimea ifunike, maji yasigawanyike vidimbwi vidimbwi kiangazi, na neti zitumiwe nyumbani kama kawaida. Mwalimu ameweka zamu ya kukagua kila wiki. Zamu ikilegea, mama yule atakuwa sahihi na mimi nitakuwa upande wake.

Kuna jambo la pili lililotaka kuharibu kazi yote, nalo lilitoka kwa watu wema. Mafunjo yaliposhika, baadhi ya walimu walitaka kuweka amri kwamba hakuna mtu wa nje kukanyaga pale. Lakini akina mama wa jirani walikuwa wakichukua majani ya kuezekea na ya kusukia mikeka bondeni hapo tangu kabla ya shule kuwa na uzio. Hapo nilikumbuka hima.

Hima ni eneo la malisho linalowekewa ulinzi kwa manufaa ya umma. Katika Bukhari imepokewa kwamba hima haiwi ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani mkubwa hana ruhusa ya kujizungushia ardhi kwa faida yake, kama walivyofanya wakuu wa zama za ujahili. Mtume (s.a.w.) aliweka hima Naqii. Msichanganye na Baqii, yale makaburi. Naqii kwa Kiarabu ni mahali maji yanapotuama na majani yakaota. Kwa maneno mengine, hima ya kwanza ya Uislamu ilikuwa mahali panapofanana na bonde letu. Kisha Umar bin Khattab (r.a.) akiwa khalifa akaweka hima nyingine, Rabadha, na kumweka mtumishi wake Hunayy aisimamie. Usia aliompa uko katika Bukhari, na ningependa kila anayesoma masomo ya mazingira chuoni aujue. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao walikuwa matajiri, na wote wawili ni katika masahaba wakubwa. Sababu aliyoitoa Umar ni ya mtu anayejua maisha: tajiri mifugo yake ikifa atarudi kwenye mitende na mashamba yake, lakini masikini kondoo wake wakifa atakuja na watoto wake akimlilia khalifa, na majani na maji ni rahisi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha.

Hifadhi nyingi tunazozijua zimefanya kinyume cha Hunayy. Masikini hufungiwa lango, na mwenye gari huingia kwa tikiti. Nilisema hivyo katika kikao cha walimu, labda kwa ukali kidogo, na mwalimu mkuu akakubali. Sasa akina mama wanaingia kwa zamu na kukata mafunjo yaliyokomaa tu, juu ya maji, bila kung'oa vishina, na upande ambao ndege wametaga haukatwi mpaka vifaranga waondoke. Sharti hili la mwisho lilipendekezwa na msichana wa darasa la sita baada ya kusikia hadithi ya Ibn Mas'ud iliyo katika Abu Daud, ya ndege mama aliyepapatika juu ya masahaba waliokuwa wamechukua makinda yake, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe wanawe. Mafunjo ukiyaacha kishina hurudi. Mikeka ya kwanza imeshatandikwa katika chumba ambacho watoto wanasalia Adhuhuri.

Liko jambo moja bado, na hili linatuhusu sisi tulioko Mbarara kuliko wao.

Mto Rwizi unaanzia vilima vya Buhweju na vya jirani, unapita kando ya mji wetu, kisha unaelekea mashariki kulisha yale maziwa madogo, Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola, mpaka Ziwa Viktoria. Mji huu umeunywa mto huo miaka mingi. Wengi wetu tumetawadha kwa maji yake bila kujua jina lake. Njiani vinamasi vyake vimelimwa, mchanga umechimbwa kingoni, boda na magari yanaoshwa ndani yake. Mwaka 2017 kiangazi kilipokaza, mto ulipungua sana na maji ya mjini yakayumba. Wakati ule nadhani wengi walielewa swali linalofunga Sura Al-Mulk, la nani atakayetuletea maji yatiririkayo iwapo yetu yatadidimia ardhini. Mvua iliponyesha tukasahau.

Tunachokitupa hapa kinaelekea huko. Kavera ya chapati unayoidondosha mtaroni, mafuta ya gari, maji ya choo kilichofurika, hayaishii darajani. Katika Abu Daud Mtume (s.a.w.) ameonya juu ya mambo matatu yanayoleta laana, na la kwanza ni kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Sisi tumezoea kuifundisha hadithi hiyo katika mlango wa adabu za choo na kupita. Lakini hebu fikirini ni nani anayechota upande wa chini. Mwanafunzi wa chuo anayetoa sadaka ya elfu mbili kwa wakimbizi huku hosteli yake inamwaga uchafu bondeni, amewapa kwa mkono wa kulia na kuwanyang'anya kwa wa kushoto. Kinamasi cha watoto wale ni kidogo mno kuuchuja mto, na hakikujengwa kwa ajili hiyo. Mto unachujwa na mafunjo makubwa ya huku juu, ambayo mizizi yake hushika tope na uchafu kabla haujafika ziwani, na ambayo watu wa huku, wenye vyeti na hati za ardhi, ndio tunaoyafyeka.

Ndugu yangu uliyeuliza, naona jibu langu limekurudishia deni. Fedha zilizotumika ni za majembe sita na toroli mbili, na mweka hazina ana risiti. Ukitaka kuziona, mwendee. Kama unaona bora mchango wako uende kwenye unga, useme, na utakwenda kwenye unga, kwa sababu kulisha mwenye njaa hakuna anayekushinda nako kwa hoja. Wengine tutaendelea na majembe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapandi mti wala mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka, na huko Nakivale wote watatu wanakula.

Hakuna aliyeahidi kwamba bonde lile litabaki. Wakimbizi wapya wanaendelea kufika, viwanja vinahitajika, na siku moja inaweza kuamuliwa kwamba pale pajengwe. Mwalimu mkuu ameandika barua kuomba lihesabiwe kuwa sehemu ya shule, na mpaka ninapoandika majibu hayajaja. Watoto wanajua. Wiki iliyopita walipanda mstari mwingine wa matete.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, insha'Allah, tutatoka msikitini mara baada ya Alfajiri. Kazi ni mbili: kuongeza udongo wa mfinyanzi upande wa mashariki unaovuja, na kuondoa miche ya mikaratusi ambayo mtu mwema aliipanda karibu na maji, nayo inayanywa. Dada zetu watakaokuja watakuwa na akina mama kwenye ukataji, kwa hiyo panga zinahitajika. Kila mtu aje na gambuti zake, chupa yake ya maji, na chakula chake cha mchana kinachomtosha yeye na mtoto mmoja. Wenyeji wetu watatukaribisha kula, kama kawaida yao. Tutashukuru, na tutakuwa tumekwisha kula.

Wabillahi tawfiq.